Kiazi kilichosahaulika kapuni: mwongozo kamili wa kupanda upya mabaki ya jikoni, kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Mwezi wa saba nilisogeza gunia la mkaa kwenye jiko letu la nje, hapa Magomeni, Mtwara mjini, nikakuta viazi vitamu vinne vimejificha nyuma yake. Ngozi ilikuwa imesinyaa kama vidole vya mtu aliyeshinda anafua, lakini kila kimoja kilikuwa kimetoa machipukizi ya zambarau, mafupi na manene, yenye vijani vilivyojikunja. Nilikuwa navipeleka jalalani. Mama mkwe akavichukua mkononi mwangu: "Mwanangu, hii ni mbegu, si taka."

Nilidhani atavipanda siku ileile. Kumbe alivinyofoa yale machipukizi, akavifukia kwenye beseni la mchanga mkavu, akalisukuma uvunguni mwa kitanda. Nilipomuuliza mbona havipandi, akanijibu kwa swali: "Utavipa maji ya wapi mpaka mvua ije?"

Mama mkwe ni mtu wa Newala, amekulia juu ya uwanda wa Makonde, ambako ndoo ya maji ilifuatwa bondeni na kupandishwa kichwani. Swali lake ndilo msingi wa yote nitakayoeleza hapa. Maelekezo mengi yanayosambaa kwenye simu yanaonyesha tangawizi imewekwa kwenye glasi dirishani, na mwenye nyumba anafurahi kuona chipukizi. Kwetu kuchipua si kazi. Joto la pwani huku linachipusha karibu kila kitu ukikisahau wiki tatu. Kazi ni kukitunza kilichochipua mpaka wakati wake, kwa sababu sisi tuna msimu mmoja tu wa mvua: huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, ukaishia Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kuanzia Juni mpaka Oktoba mchanga wetu hunywa maji na kukauka siku hiyohiyo.

Kwa hiyo ukikuta kitu kimechipua jikoni, jiulize mambo mawili kabla ya kushika jembe. Je, hiki kweli kinaweza kuzaa tena? Na kama kinaweza, mwezi gani?

Vya kuacha

Nianze na visivyofaa, maana watu wengi hukata tamaa baada ya kuhangaika na kitu ambacho tangu mwanzo hakikuwa na nafasi.

Muhogo ulioukuta jikoni haupandwi. Mzizi wake hauna macho ya kuchipulia. Muhogo hupandwa kwa pingili za shina. Ukitaka mbegu, omba mashina kwa jirani aliyevuna, na uangalie yasiwe yametoka kwenye mmea wenye majani ya batobato au mizizi yenye madoa ya kahawia ndani.

Kiazi mviringo nacho kiache. Kitachipua vizuri, kitatoa majani, halafu ukichimba utakuta vijipira kama gololi au usikute kitu. Mmea ule unahitaji usiku wa baridi ili ujaze viazi, ndiyo maana vya sokoni hutoka Mbeya na Njombe. Usiku wa pwani yetu ni wa joto mno karibu mwaka mzima. Na kama kimegeuka kijani kwa kupigwa na mwanga, usikile wala usimpikie mtoto: ule ukijani ni ishara kwamba sumu imeongezeka chini ya ganda na kwenye machipukizi, na kuchemsha hakuiondoi.

Kitunguu saumu kikichipua, panda punje zake kwenye kopo ule majani yake, lakini usitegemee kichwa kipya, kwani nacho kinadai baridi. Kitunguu maji kilichochipua vivyo hivyo. Kipasue taratibu, utakuta ndani vichipukizi viwili au vitatu vimesimama pamoja. Vitenganishe kila kimoja na mizizi yake, upande, uwe unakata majani ya kuwekea kwenye mchuzi. Kichwa cha karoti kinatoa majani tu. Na chochote kilichochemshwa, kukaangwa au kubanguliwa kwa moto, kama korosho za kula, hakina uhai tena.

Viazi vitamu: hapa ndipo penye faida

Kama utafanya kitu kimoja tu katika mwongozo huu, kiwe hiki. Shida ya marando, yaani mashina ya viazi vitamu ya kupandia, huku kwetu inajulikana na kila mkulima. Kiangazi kirefu kinaua mashina yote shambani, mvua ikianza hakuna mbegu, na kila mtu anamtafuta mwenye bustani bondeni. Kiazi kilichosahaulika kinamaliza shida hiyo, kwa sababu kinahifadhi uhai wake chini ya ganda mpaka utakapokiamsha. Njia aliyoitumia mama mkwe inakaribiana sana na ile ambayo Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao yake Lima, Peru, kimekuwa kikiifundisha kwa wakulima wa Afrika kwenye maeneo ya kiangazi kirefu: hifadhi kwenye mchanga, kisha chipusha.

Kwanza chagua. Kiazi cha mbegu kiwe kizima, cha ukubwa wa kati, kisicho na jeraha la jembe wala tundu. Kigeuze kwenye mwanga. Ukiona vitundu vidogo vyeusi kama vya sindano, kikate. Kikiwa na njia za kahawia ndani na harufu chungu, huyo ni fukusi, mdudu anayetoboa viazi. Kichome au ukifukie mbali, usikiweke karibu na vingine. Kati ya vile vinne vyangu, kimoja kilikuwa na tundu moja tu karibu na kikonyo. Nilitaka kukiokoa. Tulipokipasua, ndani palikuwa na funza weupe wawili, na nusu ya kiazi ilikuwa imeshageuka unga mweusi. Kingelala na wenzake miezi mitatu, tusingebaki na kitu.

Pili, hifadhi. Anika mchanga juani mpaka ukauke kabisa, kisha uache upoe. Mchanga wa moto huivisha kiazi. Usichukue mchanga wa ufukweni, una chumvi. Tandika gazeti kwenye beseni au ndoo kuukuu, weka tabaka la mchanga, panga viazi visigusane, funika kwa mchanga, panga tena. Tabaka la juu liwe nene, upana wa kiganja. Weka mahali penye kivuli, pakavu, ambapo panya hafiki. Kila baada ya wiki nne fukua ukague: kilichooza kitoe, kilichochipua kinyofoe machipukizi, halafu kirudishe. Kunyofoa mara moja au mbili hakukiharibu, kitachipua tena.

Tatu, amsha. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua unayoitarajia, kwetu hapa ni katikati ya Oktoba, tengeneza kitalu kidogo karibu na mahali unapomwaga maji ya kuoshea vyombo. Changanya mchanga na samadi iliyooza. Laza viazi kwa ubavu, nafasi ya sentimita 20 kati ya kimoja na kingine, ufukie kwa sentimita tano hivi. Mwagilia mpaka kitalu kilowe, halafu uwe unarudia kila baada ya siku mbili au tatu. Zungushia miiba au makuti. Kuku wa uswahilini anajua kitalu kipya kabla hata hujamaliza kunawa mikono, na mbuzi akikipata ndani ya dakika mbili hubaki na mashimo.

Nne, kata. Marando yakifika urefu wa sentimita 30, yakate kwa kisu safi, ukiacha kisiki cha sentimita tano hadi kumi juu ya udongo. Kisiki hicho kitachipua tena, na ile sehemu ya chini ndiyo fukusi hupenda kutagia, kwa hiyo hutaki kuibeba kwenda nayo shambani. Acha marando kivulini siku moja yalegee. Viazi vyetu vitatu vilitupa marando sabini na ushee kwa mikato miwili.

Tano, panda mvua ikishatulia, si ile ya kwanza inayodanganya. Piga matuta yenye nafasi ya mita moja, panda rando kila sentimita 30, ukifukia theluthi mbili yake ili vifundo kadhaa viwe ndani ya udongo. Miezi minne hivi utavuna. Viazi vikianza kunenepa, tuta hupasuka nyufa. Kila ukipita shambani ziba nyufa hizo kwa udongo, maana ndiyo milango ya fukusi. Hakuna dawa ya dukani inayoshinda mguu wako ukisogeza udongo pale. Na kama unataka matembele, tenga tuta moja la kuchuma. Ukichuma ovyo kila mahali, viazi vitakuwa vyembamba kama mizizi ya mgomba.

Ukibahatika kukuta kiazi lishe, kile chenye nyama ya rangi ya chungwa, kipe nafasi ya kwanza kwenye beseni. Kina vitamini A kwa wingi kwa ajili ya watoto, na mbegu yake haipatikani kirahisi.

Tangawizi na manjano

Tangawizi iliyosahaulika kwenye kikapu cha viungo husinyaa, halafu siku moja unaona vijipembe vya kijani au vya rangi ya maziwa vimetokeza. Hayo ndiyo macho. Manjano ni ndugu yake, unayafanyia vilevile.

Mara yangu ya kwanza nilikata tunguu vipande, nikavipanda saa ileile kwenye samadi mbichi, nikawa namwagilia asubuhi na jioni kwa mapenzi yote. Wiki ya pili nilifukua kwa kidole nikapata uji unaonuka. Nilifanya makosa matatu kwa pamoja: jeraha lilikuwa halijakauka, samadi ilikuwa na moto, na maji yalizidi.

Fanya hivi. Kata kwa kisu ulichokiosha kwa maji ya moto, kila kipande kibaki na macho mawili au matatu na ukubwa wa kidole gumba cha mwanamume. Chovya jeraha kwenye majivu ya kuni yaliyopoa, acha kivulini siku mbili mpaka pafanye ngozi. Panda Novemba mwishoni au Desemba, kina cha sentimita tano, macho yakitazama juu, umbali wa sentimita 25. Udongo uwe wa kupitisha maji: sehemu mbili za udongo wa chini ya miti, moja ya mboji iliyooza hata haina harufu. Chini ya mwembe au pembeni ya migomba panafaa kuliko juani. Tandaza majani makavu. Kabla chipukizi halijatokeza juu, mwagilia tu pale unapochomeka kidole ukakuta pakavu.

Usipande pale palipokuwa na nyanya, bilinganya au pilipili zilizonyauka, kwa sababu mnyauko wa bakteria unaweza kubaki udongoni na kushambulia tangawizi pia. Kiroba cha kilo 50 kilichokatwa katikati na kutobolewa chini kinakuepusha na hatari hiyo, na vipande vitatu vinatosha humo. Majani yakianza kuwa ya njano na kulala, mwezi wa nane au wa tisa tangu kupanda, tangawizi imekomaa. Ukiwa na haraka ya chai, unaweza kufukua pembeni na kukwanyua kidogo tangu mwezi wa tano.

Nyanya iliyolainika, papai lililoiva mno, kokwa la embe

Nyanya iliyopasukia kwenye kapu ina mbegu nyingi kuliko unazohitaji. Jambo la kujua kwanza ni kama ni chotara. Aina kama Tanya na Tengeru 97 mbegu zake hurudi zilivyo mama. Za chotara, ambazo zimejaa sokoni siku hizi, watoto hutoka mchanganyiko, kubwa na ndogo, nzuri na mbovu. Muulize muuzaji anayelima mwenyewe, atakuambia.

Kamulia mbegu na maji yake kwenye glasi, ongeza maji kidogo, funika kwa kitambaa, acha siku mbili. Juu patafanya utando na harufu ya kuchacha. Ute unaozuia mbegu kuota unaoza hapo. Koroga, mwaga zinazoelea, suuza zilizozama, zianike kivulini kwenye sahani. Usitumie karatasi, zitaganda. Zikikauka zitunze mpaka Mei. Nyanya ndiyo inayopindua kalenda yetu: wakati wa mvua na joto kali huku pwani huoza na kunyauka, bali wakati wa kipupwe, Juni mpaka Agosti, hustawi, mradi una maji ya miche michache. Sia Mei, hamishia baada ya wiki nne. Ukiona mche umenyauka ghafla majani yakiwa bado ya kijani, kata shina lake la chini, litumbukize wima kwenye glasi ya maji safi utulie dakika tano. Ukiona nyuzi za rangi ya maziwa zinashuka kutoka kwenye jeraha kama moshi, ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa, choma, usipande jamii hiyo pale kwa miaka kadhaa.

Papai: kila mbegu imevaa kifuko cha ute. Zisugue kwenye mchanga mpaka kifuko kipasuke, suuza, anika kivulini, sia kwenye viriba. Huota baada ya wiki mbili au tatu. Mipapai mingi ya huku ina dume na jike, na huwezi kuwajua mpaka watoe maua, kwa hiyo hamishia miche mitatu katika shimo moja. Dume hutoa maua madogo kwenye vishada virefu vinavyoning'inia. Jike hutoa ua kubwa lililokaa karibu na shina. Ng'oa madume, ubakize moja kwa bustani nzima, na kila shimo libaki na jike mmoja. Inauma kung'oa mti uliokwisha kuwa na kimo chako, lakini hautazaa.

Embe nalieleza kwa ufupi. Kokwa lipasue pembeni kwa uangalifu, toa punje ya ndani, panda mapema kabla haijakauka, upande wake uliobonyea ukiangalia chini. Mti wa mbegu mara nyingi hautazaa embe kama lile ulilokula, na utasubiri miaka mitano au zaidi. Lakini sisi wa Kusini tuna bahati moja: karibu kila kijiji kina mtu aliyejifunza kubebesha mikorosho, yaani kuunganisha kikonyo cha mti mzuri kwenye mche mwingine. Mche wako wa embe ukifikia unene wa penseli, mpelekee huyo na kikonyo cha dodo unaloliamini. Kanuni ya kisu ni ileile.

Kunde, choroko, karanga za mwaka jana

Ukikuta kopo la kunde chini ya kabati, usizipande zote kwa matumaini. Hesabu punje kumi, zifunge kwenye kitambaa kibichi, ziweke mahali penye joto siku nne. Zikiota nane, panda kama kawaida. Zikiota tano, weka punje mbili zaidi kila shimo. Chini ya hapo, wape kuku, ilimradi hazina ukungu. Punje iliyobunguliwa tundu moja wakati mwingine huota, ila mche wake ni dhaifu. Karanga zipimwe zikiwa mbichi na ndani ya ngozi yake nyekundu. Zenye ukungu wa kijani au wa njano zitupe kabisa, hata kuku usimpe, maana sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haionekani yote kwa macho.

Nazi, nanasi, mchaichai

Nazi iliyofuliwa haina maisha marefu ya kuota. Ikionyesha jicho la kijani, ivunje wape watoto joya, ile nyama laini ya ndani. Ya kupanda ni ile iliyobaki na makumbi yake, ambayo ukiitikisa maji yanasikika. Ilaze kwa ubavu kivulini, fukia theluthi mbili, usiache ikauke. Itachukua miezi mitatu hadi mitano kuchomoza, na mnazi wetu mrefu utazaa baada ya miaka sita hadi minane. Makumbi ya zile ulizokuna usiyachome yote. Yatie chini ya viroba vyako, yanashika maji kuliko kitu chochote ninachokijua.

Kichwa cha nanasi: kizungushe kitoke chenyewe, ondoa nyama yote, chuna majani ya chini mpaka uone vijizizi vya kahawia, acha kikauke siku nne, panda. Tunda baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Mchaichai wenye kitako, uweke kwenye maji kidogo. Ndani ya wiki mbili una mizizi.

Maji ya kiangazi

Vilivyomo kwenye viroba mwezi wa nane vinahitaji maji, na visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Ukiona ncha za majani zinakauka kwa rangi ya kahawia wakati udongo umelowa, onja maji yako. Yakiwa na chumvi, yatumie kwa minazi na mahitaji mengine ya nyumbani, miche ipe maji ya bomba au ya kuoshea mchele. Maji ya sabuni kali na ya jiki usiyamwage kwenye miche.

Kiazi kikuu

Hiki nimekiweka mwisho kwa sababu ndicho kilichonifundisha kutotupa kichwa. Mama mkwe anasema wakichimba ming'oko, viazi vya mwituni, porini walikuwa wanakata mizizi ya kula tu, kile kichwa chenye kikonyo wanakirudisha shimoni na kukifukia, ili mwakani warudi palepale. Kiazi kikuu kifanyie hivyo hivyo jikoni: kabla ya kukimenya, kata kipande cha kichwani cha upana wa vidole vinne, paka jeraha majivu, acha kikauke siku tatu. Kitafutie shimo lake chini ya mti, kwa sababu mmea wake unapanda, jaza humo majani makavu na samadi iliyooza, fukia. Huna haja ya kumwagilia. Kitalala kikisubiri mvua. Cha kwetu kilifukiwa Agosti, na Januari mwanzoni kilikuwa kimeshaupanda mwembe mpaka tawi la kwanza.